Umepima Lini? Hedhi Inapochelewa na Kipimo Kimesoma Hasi

Mada kwa semina ya wauzaji wa maduka ya dawa muhimu na wahudumu wa afya ngazi ya jamii



Nianze na kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, tarehe 31 Machi, alikuja kituoni dada mmoja mama lishe, kipimo chake kakifunga kwenye karatasi ya daftari. Alikinunua dukani jioni, akapima alfajiri: mstari mmoja. Mzunguko wake ni wa siku 28, hedhi ya mwisho aliianza tarehe 1, kwa hiyo siku zake zilikuwa zimepitiliza kwa siku mbili. Nikakitazama kile kipimo, nikamwambia, "Huna mimba, dada. Ni mawazo tu hayo, zitakuja." Akashukuru, akaenda zake. Tarehe 28 Aprili akarudi anatapika. Utrasaundi ikaonyesha mimba ya wiki saba.

Nilikuwa mwepesi wa kusema kipimo kilikuwa kibovu. Kilikuwa kizima. Nilipokaa naye na kalenda ndipo mambo yakajitokeza. Mumewe ni dereva wa lori. Mwezi ule wote alilala nyumbani usiku wa tarehe 24 na 25 tu. Na wiki ya pili ya Machi dada huyu alilala na malaria. Ugonjwa mkali, safari ndefu, msiba, mambo kama hayo yanaweza kuchelewesha yai kupevuka, na yai likichelewa hedhi nayo inachelewa, kwa sababu hedhi huja kama siku 14 hivi baada ya yai kutoka. Yai la dada yetu halikutoka katikati ya mwezi kama kawaida yake, lilitoka karibu na tarehe 25. Alfajiri ile aliyopima, mimba ilikuwa na siku sita hivi tangu yai lirutubishwe.

Sasa, kipimo cha mkojo kinatafuta homoni iitwayo hCG, na homoni hiyo huanza kumwagika kwenye damu baada ya mimba kujishikiza kwenye ukuta wa mji wa mimba. Kujishikiza huko hutokea kati ya siku ya 6 na ya 12 tangu yai lirutubishwe. Baada ya hapo homoni huongezeka maradufu kila siku mbili au tatu. Ndiyo maana mtu anaweza kupima Jumatatu akakosa, akapima Jumatatu ya pili mistari ikakolea kama wino.

Kwa hiyo swali letu la kwanza liwe la tarehe. Siku 21 zikishapita tangu alipokutana na mwanaume kwa mara ya mwisho bila kinga, jibu la hasi unaweza kuliamini. Kabla ya hapo ni jibu la muda. Asiyekumbuka tarehe arudie baada ya siku 7, kwa mkojo wa kwanza wa asubuhi, kabla hajanywa maji wala chai.

Namna ya kuuliza ina ufundi wake. Huwezi kumuuliza binti "mlikutana lini" huku nyuma yake wamesimama wanaume watatu wanangoja panadol. Mwenye ndoa namuuliza kama shemeji yupo nyumbani, naye anaelewa mara moja. Msichana wa shule nampa kalenda ndogo, namwambia aweke kidole kwenye siku. Hasemi neno, nami sisemi neno. Wengi huweka kidole hapo hapo.

Kuhusu kipimo chenyewe sitakaa sana, mnakiuza kila siku. Angalieni tarehe ya kuisha muda. Msikiweke dirishani panapopigwa na jua. Kisomwe kwa dakika zilizoandikwa kwenye pakiti, maana kilichosahaulika chooni saa nzima kinaweza kuchora mstari wa uongo. Na mstari wa C usipotokea, hicho kimekufa, mpe kingine.

Amerudia, na siku 21 zimetimia, bado mstari mmoja. Hapo tuangalie kwingine. Pale kituoni kwangu sababu ninayokutana nayo zaidi ni sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu. Baada ya mwaka mmoja wa kuitumia, karibu nusu ya wanawake hawaoni siku zao kabisa, na hata akiacha, inaweza kupita miezi mingi kabla mambo hayajarudi. Aliyetumia P2 mwezi huo siku zake zinaweza kuwahi au kuchelewa. Zikizidi wiki moja, apime. Anayenyonyesha, aliyepungua uzito ghafla, mwenye mawazo mazito, aliyevuka miaka 45, wote hao wana sababu zao. Zipo pia dawa zinazosimamisha hedhi, kama haloperidoli ya wagonjwa wa akili. Matatizo ya tezi ya shingo na ya mifuko ya mayai ni kazi ya daktari.

Hapa nataka nisimame kidogo, kwa sababu hapa ndipo tunapopoteza watu. Mwanamke asiyeona siku zake huambiwa damu imeganda tumboni, kizazi kimejaa uchafu, akisafishe. Mwenye sindano hasa ndiye anayetishwa hivyo, mara nyingi na wifi au jirani. Ukweli ni kwamba sindano hufanya utando wa ndani ya mji wa mimba uwe mwembamba, kwa hiyo hakuna kinachojengeka na hakuna cha kushuka. Hakuna tope lililojificha. Msichana ambaye hajawahi kuvunja ungo na ana maumivu kila mwezi ni habari nyingine, huyo anaweza kuwa na damu iliyozibwa kweli, apelekwe hospitali.

Lakini hofu hiyo ndiyo inayoleta mtu dukani kuulizia "dawa ya kushusha". Nawaomba, asipewe. Norethisteroni haiwezi kumshushia damu mwenye mimba. Itampotezea wiki anazozihitaji. Misoprostoli bila uangalizi inaweza kumtoa damu hadi akazimia, na mizizi ya kuchemsha hakuna ajuaye kipimo chake. Katika siku za kungoja kipimo cha pili, mchukulieni kama mjamzito: asinunue doksisaiklini, aache pombe. Mwenye kifafa anayetumia valproeti asiikatishe mwenyewe, amwone daktari wiki hiyo hiyo.

Wapo wasiopaswa kungoja hata siku moja. Mwanamke aliyepitiliza, anaumwa tumbo la chini hasa upande mmoja, anatoka matone ya damu, ana kizunguzungu au maumivu kwenye ncha ya bega, huyo huenda ana mimba iliyotunga nje ya kizazi. Mara nyingi kipimo chake husoma chanya, lakini mstari unaweza kuwa hafifu hata usionekane. Mrija ukipasuka damu humwagika ndani ya tumbo, huku nje kukionekana matone tu. Msijadiliane naye habari za kipimo, mtafutieni usafiri.

Lipo na jambo la kushangaza kidogo. Mimba iliyokwishakua, au ile mimba zabibu, inaweza kuwa na homoni nyingi mno kiasi cha kukichanganya kipimo kikasoma hasi. Kwa hiyo mwenye miezi mitatu au minne, matiti yamejaa na tumbo linakua, msimfukuze kwa sababu ya mstari mmoja. Apewe rufaa ya utrasaundi.

Na yeyote ambaye amekosa hedhi miezi mitatu mfululizo bila sababu inayoeleweka, au binti aliyefika miaka 15 bila kuvunja ungo, amwone daktari hata kama haumwi popote.

Ombi langu kwenu ni dogo. Kila duka lining'inize kalenda ukutani karibu na kaunta, na kila anayenunua kipimo aandikiwe tarehe ya kurudia kwenye bahasha ya dawa, kwa kalamu, kabla hajatoka mlangoni. Kwa yule dada ingekuwa tarehe 15 Aprili.