Baridi Yabisi: Jina Lisimdanganye Mtu



Alfajiri ya Kakamega huwa na baridi, hasa katika mvua kubwa za Machi mpaka Mei, kwa kuwa mji umeinuka juu ya bahari kadiri ya mita 1,500. Ndipo wenye maradhi ya viungo hulalamika zaidi, na jina lenyewe, baridi yabisi, huwafanya wengi kuamini kwamba baridi ndiyo iletayo ugonjwa. Sivyo. Baridi yaweza kuzidisha maumivu, lakini haianzishi maradhi.

Yafaa kila mtu ajue kwamba maradhi haya si ya namna moja. Ya kwanza ni kuchakaa kwa gegedu, ule mfupa mwororo unaofunika ncha za mifupa. Huwapata sana wazee, magotini na nyongani, na unene wa mwili huzidisha. Ya pili ni ile ambayo kinga ya mwili huvigeukia viungo vyake yenyewe. Hii huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume, hata vijana: vidole vya mikono yote miwili huvimba, na asubuhi hukakamaa saa nzima au zaidi. Ya tatu ni jongo, ambayo huumiza mara nyingi kidole gumba cha mguu; nyama nyingi na pombe huichochea.

Namna ya pili haingoji. Mwanamke akivumilia miaka kwa kujichua mafuta na kununua vidonge dukani, mifupa hulika na vidole hupinda, hata jembe na mwiko vikamshinda. Akitibiwa miezi ya mwanzo, mikono yaweza kuokoka. Dawa yake kuu, methotrekseti, hunywewa siku moja tu kwa juma. Kuinywa kila siku kwaweza kuua, na mwenye mimba haruhusiwi kabisa. Vidonge vya maumivu navyo, vikitumiwa ovyo, huweza kuchoma tumbo na kuharibu figo.

Nyumbani, goti liumwalo halitaki kulazwa kutwa. Kutembea kidogo kila siku hulisaidia, na mzigo mmoja mkubwa wa kuni ugawanywe uwe miwili midogo. Tena jamaa wasimwite mgonjwa mvivu achelewapo kuamka.

Kwa hiyo, ambaye viungo vyake vimevimba kwa majuma sita aende zahanati, apate kupelekwa hospitali kuu ya Kakamega. Kiungo kikivimba ghafula pamoja na homa, asingoje hata siku moja. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.