Vijana Wetu na Kazi ya Kujitolea: Maneno kwa Wazazi

Mazungumzo haya yalifanyika Baltimore kwenye mkutano wa wazazi kabla ya likizo ya kiangazi. Tumeyaandika hapa kwa ajili ya familia ambazo hazikuweza kufika.

Baba zangu, mama zangu, shikamooni. Vijana mlioketi kule nyuma, mambo? Asanteni kwa kuacha shughuli zenu za Jumamosi mkaja. Najua wengine mmetoka kazini usiku na bado hamjalala, kwa hiyo sitawachosha.

Wengi mnanifahamu kama mfanyakazi wenu wa kesi, yule anayewapigia simu kuhusu miadi ya daktari na karatasi za shule. Leo naomba mnisikilize kama mtoto wa Nyarugusu. Nilizaliwa Fizi, nikakulia kambini, nikafika hapa nikiwa na miaka 17. Nataka tuzungumze juu ya vijana wetu kujitolea, na nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Mwaka jana mvulana mmoja wa miaka 16 alikuja ofisini akasema anataka kujitolea wakati wa likizo. Nilifurahi sana. Kuna kituo cha kugawa chakula tunachoshirikiana nacho, nikampeleka huko. Fomu ya ruhusa ya mzazi nilimpa aende nayo nyumbani. Ikarudi na sahihi, nami sikuuliza zaidi.

Wiki ya pili baba yake alikuja pale kituoni kuchukua chakula. Akakuta foleni, akasimama kama wengine. Alipofika mezani, aliyevaa aproni na kushika kalamu alikuwa mwanawe. Kijana alikuwa amefundishwa kumuuliza kila mtu maswali yale yale, na msimamizi alikuwa amesimama pembeni yake. Basi akamuuliza baba yake kwa Kiingereza, "Jina lako nani? Mko wangapi nyumbani?"

Baba yule aligeuka akaondoka bila chakula.

Kesho yake alikuja kwangu. Hakupiga kelele. Alisema, "Mwanangu, kambini nilipanga foleni miaka na miaka ili watoto wangu wale. Hapa umemweka mtoto wangu upande wa pili wa meza aniulize mimi ni nani." Nilikosa la kujibu. Baadaye nikajua kwamba fomu ile aliisaini mama. Ilikuwa kwa Kiingereza, akadhani ni karatasi ya shule kama zile nyingine. Baba alikuwa hajaambiwa kitu.

Nilimwomba msamaha, na leo ameniruhusu nisimulie habari hii bila kutaja jina lake, ili isimpate mzazi mwingine.

Tangu siku ile nimefikiri sana juu ya neno hili, kujitolea. Nimegundua kwamba mimi nikilisema, nanyi mkilisikia, hatusikii kitu kimoja. Waliokulia Kongo enzi za Mobutu wanakumbuka salongo. Ulikuwa unatolewa nyumbani ukafyeke barabara, upende usipende. Waliotoka Burundi na Rwanda wanazijua kazi za jamii za Jumamosi, na wanajua usipoonekana utaulizwa ulikuwa wapi. Na kambini, wenzetu walifundisha shule, walihudumu zahanati, walitafsiri, kisha mwisho wa mwezi wakapewa ile insentivu ambayo haikutosha hata kununua sukari na sabuni. Kwa hiyo mzazi akiuliza, "Kwa nini mwanangu afanye kazi bure?", simwoni kama mtu asiyeelewa mambo. Anauliza kwa sababu ameyaona.

Sasa niwaambie kwa nini bado nawaomba.

Kule kwetu, kijana akitafuta kazi huulizwa, "Wewe ni mtoto wa nani?" Akitaja jina la baba, watu wanajua. Wanajua kama nyumba ile ni ya wachapakazi au ni ya wezi. Hapa ukitaja jina la baba yako, hakuna anayelijua. Badala yake wanakupa fomu ambayo mara nyingi inataka wadhamini, yaani watu wanaokufahamu, wawe si ndugu zako.

Mimi nilikutana na fomu hiyo nikiwa na miaka 18. Ilikuwa kazi ya kufua mashuka hotelini. Nikaandika jina la mama yangu, jina la mjomba, na jina la jirani tuliyekuja naye kutoka kambi moja. Hawakunipigia simu. Nikajaza nyingine mahali pengine kwa majina yale yale, kimya vilevile. Mama akasema hawa watu hawatutaki. Labda kuna walioona hivyo, lakini pia kweli ni kwamba fomu yangu haikuwa na mtu hata mmoja aliyewahi kuniona nikifanya kazi.

Mwalimu wangu wa Kiingereza ndiye aliyenipeleka maktaba. Kila Jumamosi asubuhi, saa tatu mpaka saa sita, nilikuwa napanga vitabu kwenye rafu na kuwasaidia watoto wadogo kutafuta vitabu vya picha. Mama mmoja mzee ndiye alikuwa msimamizi. Mwezi wa kwanza alishindwa kabisa kulitamka jina langu. Mwezi wa tano aliniandikia barua. Haikusema kwamba nina akili sana. Ilisema nafika kwa wakati, na nisipoelewa nauliza. Barua hiyo ndiyo iliyonipatia kazi yangu ya kwanza, na mama yule yule akawa mdhamini wangu nilipoomba nafasi ya chuo.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hapa hakuna anayekuja mlangoni na jembe. Kijana analitafuta mwenyewe, na akilipata watu wanamwona akilima. Hicho ndicho ninachowatakia watoto wenu: watu wawili au watatu katika mji huu, wasio ndugu zao, wanaoweza kusema, "Huyu namjua."

Kuna sababu nyingine, na hii ni ya shule. Hapa Maryland, mwanafunzi wa shule ya umma hamalizi sekondari bila kutimiza huduma kwa jamii. Ni saa 75, au mpango ulioandaliwa na wilaya ya shule na kukubaliwa na jimbo. Maryland ndilo jimbo la kwanza Marekani kuweka sharti hili kwa wanafunzi wote wa shule za umma. Baadhi ya saa hupatikana darasani, nyingine mtoto anazitafuta nje. Kama mtoto wako alifika hapa akiwa mkubwa, asikisie. Aende kwa mshauri wa shule aulize amebakiza saa ngapi, na apewe jibu hilo kwa maandishi. Nimeshaona binti aliyegundua mwaka wa mwisho, wenzake wakiwa wanapima majoho.

Sasa nije kwenye wasiwasi wenu, maana mmenieleza na mna haki.

Kwanza, kunyonywa. Sheria ya kazi ya Marekani hairuhusu biashara ya kutafuta faida kumtumia mtu bila malipo kwa kisingizio cha kujitolea. Mtu akikuambia mtoto aje "kujitolea" kwenye mgahawa wake, karakana yake au duka lake, hata kama ni mtu wa kwetu, hata kama mnasali pamoja, hiyo ni kazi, na kazi inalipwa. Kujitolea ni kwenye mashirika yasiyo ya faida, maktaba, shule, bustani za jamii, nyumba za ibada.

Pili, muda. Kwa kazi za malipo zisizo za shamba, sheria ya nchi inamzuia mtoto wa miaka 14 au 15 kupita saa 3 siku ya shule na saa 18 wiki ya shule. Kwa kujitolea mimi natumia kipimo kidogo zaidi: asubuhi moja kwa wiki wakati wa masomo, siku mbili wakati wa likizo. Alama zikishuka, anapumzika.

Tatu, usalama. Kabla ya kukubali, uliza maswali haya: Nani atakuwa naye? Je, shirika limekagua rekodi za watu wazima wanaofanya kazi na watoto? Atakwenda na kurudi na basi gani? Nikitaka kufika ghafla nione, naruhusiwa? Wakikwambia huruhusiwi, mrudishe mtoto nyumbani, kisha unipigie simu.

Nne, mama zangu, hili nalisema kwa heshima. Katika orodha yangu ya mwaka jana wavulana walikuwa wengi kuliko wasichana. Nilipouliza, jibu lilikuwa moja: binti anabaki na wadogo zake. Naelewa, mama yuko kazini na mtoto wa miaka mitatu hawezi kubaki peke yake. Lakini binti anayepika, anayeogesha watoto na kutafsiri barua za nyumbani anafanya kazi kubwa ambayo hakuna atakayemwandikia barua kwa sababu yake. Naye atajaza fomu ile ile niliyojaza mimi. Tutafute asubuhi moja kwa wiki iwe yake. Kaka yake anaweza kubaki na wadogo. Hatavunjika mkono.

Kwa upande wetu, tumebadilisha mambo matatu. Hakuna kijana atakayepelekwa popote kabla sijaja nyumbani kwenu nikazungumza na wazazi, wote wawili kama wapo. Fomu ya ruhusa sasa iko kwa Kiswahili. Na hatumpeleki kijana mahali ambapo familia yake inapokea msaada, isipokuwa mzazi mwenyewe aseme haoni shida. Msaada si aibu, nami nimeula miaka mingi. Lakini mzazi ana haki ya kuchagua mtoto wake amwone akiwa wapi.

Mtaniuliza yule kijana aliishia wapi. Baba yake ndiye aliyechagua: bustani ya jamii, kwa sababu yeye ni mkulima na alitaka kuona kama watu wa hapa wanajua kulima. Alikwenda mara moja kuangalia, akarudi akiniambia wanapanda mahindi karibu karibu mno. Kile kituo cha chakula hajarudi tena. Siku hizi anapanda mabasi mawili kwenda kituo kingine. Hilo sijaweza kulirekebisha. Lakini mwezi uliopita alinipigia simu yeye mwenyewe, kabla sijampigia, akauliza mtoto amebakiza saa ngapi. Zilikuwa 12.

Wazazi wangu, karatasi ziko pale mezani karibu na chai. Mnaotaka niwatembelee, andikeni jina na siku ambayo mko nyumbani. Anayetaka kufikiri kwanza, aende nayo. Na kila kijana anayejitolea ahakikishe saa zake zinasainiwa siku ile ile, kisha nakala moja ikae nyumbani kwenye faili pamoja na karatasi za uhamiaji, maana karatasi za shule hupotea.

Vijana, nanyi nawaombeni: msije ofisini kwangu kabla ya kuzungumza na baba na mama. Nikikuuliza kama wanajua, nitawapigia simu papo hapo.

Chai isipoe.