Kilo Tatu za Kahawa

Maneno ya kamati ya vijana na utamaduni katika mkutano wetu wa mwaka



Mwaka huu, pamoja na madawati na paa la darasa, tunaomba pia vyombo vya muziki. Tumesikia baadhi yenu mkiguna. Tunaomba mtuvumilie kidogo, tuwape habari za mtu mmoja.

Mwaka 1949 kijana wa miaka 15 alipanda meli kutoka Douala, Kamerun, kwenda kusoma Ufaransa. Ndiye Manu Dibango. Katika mizigo yake zilikuwamo kilo tatu za kahawa, malipo kwa familia itakayompokea. Miaka 40 baadaye alipotoa kitabu cha maisha yake, alikiita kwa jina hilo hilo: kilo tatu za kahawa. Sisi wa hapa hatuhitaji kufafanuliwa. Wangapi kati yetu walisomeshwa kwa gunia lililobebwa kichwani mpaka chamani?

Huko Ufaransa kijana alijifunza piano, kisha saksafoni. Mkameruni mwenzake, Francis Bebey, alimfungulia mlango wa jazi, muziki wa Wamarekani weusi. Masomo yakalegea, mtihani akafeli, na baba yake akakata fedha za matumizi. Tusimcheke mzee yule. Nasi tumewahi kuficha ngoma uvunguni ili mtoto ashike daftari.

Dibango hakubaki kuiga. Katika jazi mpulizaji hutunga papo kwa papo: anaushika wimbo, anauacha, anazunguka nao, kisha anaurudisha. Yeye aliuweka uhuru huo juu ya makossa, mdundo wa watu wa Douala. Gitaa la besi na ngoma vinashikilia mdundo bila kuchoka, saksafoni inatoka na kurudi. Nasi tunaujua mchezo huo. Kwenye ngoma zetu wapigaji hawabadilishi pigo, ila mchezaji mmoja anaingia katikati ya duara na kufanya la kwake, na wote wanajua atarudi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alipiga na bendi ya African Jazz ya Joseph Kabasele, akaishi Kinshasa wakati rumba ile ikisikika kwenye redio mpaka huku kwetu. Mwaka 1972 Kamerun ilipoandaa Kombe la Mataifa ya Afrika, alirekodi wimbo wa mashindano. Upande wa pili wa sahani akaweka wimbo mwingine, "Soul Makossa". Wa mpira ulisahaulika. Ule wa upande wa pili ukafika kwenye kumbi za dansi za New York, na mwaka 1973 ukaingia katika chati za Marekani. Alipofariki Ufaransa tarehe 24 Machi 2020 kwa Uviko-19, akiwa na miaka 86, Afrika nzima ilimlilia.

Ndugu zetu, hatusemi kila mtoto atakuwa Dibango. Wala hatusemi muziki uchukue nafasi ya dawati. Tunasema hivi: saksafoni aliikuta ugenini, lakini mdundo aliondoka nao nyumbani. Laiti Douala isingempa mdundo, angekuwa mpulizaji mmoja tu kati ya wengi wa Paris.

Je, watoto wetu wataondoka na nini? Matarumbeta ya kanisani yanayolia yamebaki matatu, na watoto kumi na tisa wanapokezana. Moja limezibwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Wazee wanaojua mapigo yote ya ngoma zetu wamebaki wawili, na mmoja sasa hatoki nje bila kushikwa mkono. Tarumbeta tunaweza kulinunua hata mwaka kesho. Mzee akiondoka na mapigo yake, hakuna duka la kuyanunua.

Kwa hiyo maombi yetu ni mawili: vyombo vya kupuliza kwa ajili ya vijana, na posho ndogo kwa wazee hawa wawili wafundishe kila Jumamosi, kuanzia likizo hii.

Hatukuweka kiwango kikubwa. Tunaomba kila kaya itoe bei ya kilo tatu za kahawa. Mwenye kahawa alete kahawa, tutaipima mbele yake. Aliye mjini au ng'ambo atume thamani yake. Fomu ya ahadi iko ukurasa wa mwisho wa kijitabu hiki, na mweka hazina amekaa pale mlangoni na kitabu cha stakabadhi.

Baba yule wa Douala alitoa kilo tatu bila kujua zingezaa nini. Nasi tutoe zetu.