Shule ni ya Nani?



Hapa Ibadakuli, kama kwingineko nchini, shule zimebadili mikono mara nyingi. Sheria ya Elimu ya 1969 iliziweka shule za misheni chini ya Serikali. Mwaka 1972 halmashauri zilivunjwa, madaraka yakapelekwa mikoani. Azimio la Musoma la 1974 likataka kila mtoto apate nafasi ifikapo Novemba 1977; wananchi wakafyatua matofali, wakajenga madarasa. Halmashauri za miji zilirudi 1978, za wilaya 1984. Mwaka 2016 ada ikafutwa hadi kidato cha nne.

Ndugu zangu, kufutwa kwa ada si kufutwa kwa wajibu. Mtoto akiacha darasa kwenda kuchunga au machimboni, ofisi ya mjini humwona baadaye, kwenye takwimu. Jirani humwona asubuhi ileile. Ndiyo maana shule ya msingi ina kamati, na sekondari ina bodi.

Basi tuhudhurie mikutano, tuulize mapato na matumizi, tuulize na majina ya watoro. Shule isiyoulizwa na wenyewe haina mwenyewe.