Gitare za kwa gare
(Maneno ya wapigaji wa zamani, mkutano wa wanachama, Lubumbashi)



Komite imetuomba, sisi wapigaji wa zamani, tuseme kidogo mbele ya kura. Kwa ajanda imeandikwa: kuuzisha gitare mbili, besi na ampli ya chama, ili kujaza kasha ya kilio. Hatukuja kugombana. Tumekuja kusema bei, maana kuuzisha gitare tunakujua kuliko mtu yeyote katika hii parsele.

Vijana wajue kwanza kwamba Likasi ni muji wa gitare. Wakati ilikuwa inaitwa Jadotville, mwaka 1952, Hugh Tracey alimrekodi pale Mwenda Jean Bosco, na dole gumba na kidole cha shahada tu, bila umeme. Gitare ya umeme ilipita njia ingine: Mbelgiji Bill Alexandre aliileta Léopoldville mwaka 1953, kisha akina Docteur Nico, mtoto wa Kasai, wakaifanya iseme. Sisi tulijifunza na masikio, kwa radio. Ba baba zetu waliletwa kufanya kazi kwa Union Minière. Sisi tulizaliwa hapa hapa. Na mufahamu: orkestra ni solo, mi-solo, akompa na besi. Moja inauliza, ingine inajibu. Ukiuzisha solo, mi-solo inabaki sawa mtu anayejibu bila kuulizwa.

Mwezi wa nane 1992 siasa ya Kinshasa iligeuka, na hapa Katanga sisi wa asili ya Kasai tukaambiwa turudi « kwetu », mahali wengi wetu tulikuwa hatujakanyaga hata siku moja. Likasi ilianza, Kolwezi ikafuata 1993. Tulilala kwa gare majuma na majuma tukingojea treni. Wengine walifia pale pale, watoto zaidi. Hatuongezi neno, waliozika wako hapa mbele yetu.

Kwa gare ndipo gitare ziliuzishwa. Ampli ilitoka ya kwanza, juu ya uzito: ndani ya behewa ya mizigo, nafasi ya ampli ni nafasi ya mama na mtoto wake. Na bila ampli, gitare ya umeme inalia sawa kopo ya sardini. Mnunuzi alijua. Alingojaka mpaka jioni, wakati watoto wanaanza kuomba bukari, ndipo aseme bei yake. Solo moja ilienda kwa mfuko wa unga. Besi ilienda kwa kinini na sindano. Wanunuzi wengine walikuwa jirani zetu. Mmoja alilipa kupita bei, kisha akageuza uso.

Watu wanatuulizaka: ile franga ilisaidia? Ilisaidia. Aliyepewa unga alikula. Aliyepewa noti ndogo za zamani alikuwa na bahati asiyoijua: mwezi wa kumi 1993 serikali ilileta zaire mpya, moja kwa 3.000.000 za zamani, na kule Kasai watu waliikataa, wakaendelea na zile za zamani. Lakini aliyelipwa noti ya 5.000.000 alifika Mwene-Ditu na karatasi ya kuwashia moto. Bon, kwa hiyo tunapojuta, hatujuti bei.

Tunajuta hivi. Mwaka ule wa kwanza kule Kasai vilio vilikuwa vingi, na sisi wapigaji tulisimama mikono mitupu kama watu wasio na kazi. Kisha besi wetu alibaki Mbuji-Mayi, mi-solo alikufa. Hata leo mkitupa gitare mpya nne, zile nyimbo tulizotunga Likasi hazirudi. Sehemu ya besi haiko na mtu.

Sasa gitare za chama. Rangi imetoka, mikro moja inavuma, tunajua. Wafadhili waliuliza kwa nini pesa yao ilinunua vyombo vya muziki badala ya mashine za kushona. Mashine tunazo, ni nzuri, zinafanya kazi. Lakini hakuna mtu aliyewahi kuita mashine ya kushona kwa kilio.

Mukaguzi amesema kweli: kasha ni tupu, na kilio hakingoji. Tunaomba hivi. Vyombo vikodishwe kwanza kwa ndoa, msimu mmoja wa kiangazi, mwezi wa sita mpaka wa tisa. Kila franga iingie kwa kasha ya kilio, na mwandishi aandike kwa daftari inayowekwa hapa mezani, si nyumbani kwake. Kwa kilio cha mwanachama tutapiga bure, sawa siku zote. Mwisho wa msimu hesabu ikiwa mbaya, ampli tutaibeba sisi wenyewe mpaka sokoni. Na kama katikati ya msimu mtoto wa mwanachama analazwa na pesa haiko, uzisheni siku ile ile, musitungoje. Tulifanya vile kwa gare, tungefanya tena.

Jambo la mwisho, ndogo. Besi inakosa uzi wa pili. Anayeenda Kasumbalesa juma hii atuone kabla hajatoka.