Pikipiki ya Stima: Tuulize Kabla ya Kutoa Pesa
(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, Sirisia)

 

Kikundi kimoja kati yenu kiliniuliza hivi: "Tuko na akiba. Tumesikia Serikali imepunguza ushuru wa pikipiki za stima. Tumnunulie kijana wetu moja?" Ni swali zuri, na leo nataka tulijibu pamoja.

Kwanza, habari hiyo si uvumi. Mwaka 2019 Serikali ilipunguza ushuru wa bidhaa kwa magari ya stima kutoka asilimia 20 hadi 10. Mwaka 2023 pikipiki za stima zikaondolewa ushuru huo. Mwaka huo huo ikawekwa bei maalumu ya stima ya kuchajia: shilingi 16 kwa uniti, na shilingi 8 saa zile watu hawatumii stima sana. Septemba 2023 Rais Ruto alizindua mpango wa pikipiki hizi kule Mombasa. Mwezi huo huo lita ya petroli ilipita shilingi 200. Kwa hivyo mnaona kwa nini vijana wanazitamani.

Lakini sikilizeni vizuri. Punguzo la ushuru hupewa yule anayeingiza pikipiki nchini, si yule anayeiendesha. Likitufikia kama bei ya chini, tushukuru. Lisipotufikia, hatuwezi kulila. Na ile bei ya shilingi 16 iliwekwa kwa mita maalumu ya kuchajia, si kwa tokeni za nyumbani.

Bodaboda ilianzia karibu na sisi, kule mpakani Busia, kwa baiskeli. Mwaka 2008 Serikali iliondoa VAT kwa pikipiki ndogo, nazo zikajaa kila njia panda. Vijana wengi walipata kazi. Lakini wazee hapa wanajua pia mashamba yaliyouzwa kulipa mikopo, na miguu iliyovunjika. Ushuru ukipungua, kitu huja. Akili ya kukitumia ni yetu wenyewe.

Jambo kubwa ni betri. Mara nyingi pikipiki huuzwa bila betri, na mwendeshaji huenda kituoni kubadilisha iliyoisha kwa iliyojaa, akilipa kila mara. Hesabu kidogo: uniti 3 kwa bei ile ya mwaka 2023 ya shilingi 16 ni shilingi 48 tu. Lakini kituoni utalipa zaidi, kwa sababu mwenye kituo anataka pia gharama ya betri, wafanyakazi na faida yake. Na kituo chenyewe kiko wapi? Betri ikiisha njiani Lwakhakha, na mvua inanyesha, nani atasukuma?

Niwaambie kosa langu. Zamani nilishauri kikundi kimoja cha akina mama kinunue mashine ya kusaga kwa sababu ilikuwa bei nafuu. Ilipoharibika, vipuri havikupatikana. Mashine ikakaa, kuku wakataga mayai ndani yake, na akina mama waliendelea kulipa mkopo. Sikulala vizuri.

Basi kabla mweka hazina hajatoa pesa, tuulize:

1. Kituo cha betri kiko umbali gani, na kinafunguliwa saa ngapi?
2. Betri ni yetu au ya kampuni? Kampuni ikiondoka, pikipiki itatembea?
3. Fundi na vipuri viko Chwele au Bungoma?
4. Ikibeba abiria na gunia la mahindi kwenye milima yetu, inaenda mbali kiasi gani? Tuijaribu, tusinunue mbuzi kwenye gunia.

Kijana naye aandike kwenye daftari kwa mwezi mmoja: petroli, oili, matengenezo, mapato. Bila daftari hilo hatuna cha kulinganisha.

Majibu yakiwa mazuri, nunueni, nami nitapanda wa kwanza. Yakikosekana, akiba yenu haiozi. Sheria za fedha hubadilishwa kila mwaka, lakini pesa za mjane zikipotea hazirudishwi na sheria yoyote.

 Sasa ni zamu yenu kuuliza.