Habari za Mbwa na Paka, na Kichaa Kilichorudi Pemba



Leo nataka kuzungumza nanyi habari za wanyama wawili tuwaonao kila siku, mbwa na paka. Najua ya kuwa wengine watasema, "Haya hayanihusu, mimi sina mbwa, wala baba yangu hakufuga mbwa." Nawaomba hao wasiondoke barazani, maana maneno haya yawahusu wao hasa, kama watakavyoona.

Katika kisiwa hiki cha Pemba mbwa si wengi kama walivyo bara. Karibu watu wote ni Waislamu, na mate ya mbwa ni najisi, kwa hiyo wengi hawapendi kumgusa. Walakini wako wakulima wanaofuga mbwa, na sababu yao ni njema: tumbili wakiingia katika muhogo au ndizi, kazi ya mwaka mzima huharibika kwa siku moja, na mlinzi asiyelala ni mbwa. Paka naye yumo karibu katika kila nyumba, akilinda mpunga na unga wasiliwe na panya. Hakuna anayewataka mpokee mbwa ndani ya nyumba zenu. Lakini mtu akimtumia mnyama kwa kazi, mnyama huyo ana haki juu yake. Kisa cha mtu aliyemnywesha maji mbwa mwenye kiu, na kisa cha mwanamke aliyemfungia paka hata akafa kwa njaa, vyote viwili mmevisikia chuoni.

Sasa nitaeleza hatari iliyopo, nayo ni kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu umo katika mate. Mbwa mgonjwa akimwuma mtu, mate huingia jerahani, na kijidudu cha ugonjwa hufuata njia ya mishipa ya fahamu, kikipanda polepole mpaka ubongoni. Safari hiyo mara nyingi huchukua miezi miwili au mitatu. Pengine ni siku chache tu, pengine mwaka. Wakati huo wote aliyeumwa hula, hulala, huenda shamba, na kidonda chake hupona, naye hudhani ameokoka. Kijidudu kikisha kufika ubongoni, mgonjwa huogopa maji, hushindwa kumeza, hufadhaika, na baada ya siku chache hufa. Dawa ya kumponya aliyefikia hali hiyo haijapatikana. Paka pia hushikwa na ugonjwa huu, na punda, na ng'ombe, na mbuzi. Lakini anayeueneza zaidi kwa watu ni mbwa.

Sikilizeni basi yaliyotokea hapa Pemba. Mwaka 2010 ugonjwa huu ulikuwa ukienda kisiwani kwa minyororo mitano, maana yake mbwa huyu akimwuma yule, na yule akimwuma mwingine. Wataalamu walifuata habari za kila mbwa mgonjwa na kila mtu aliyeumwa, wakaipambanua minyororo hiyo mmoja mmoja. Ndipo ikaanzishwa kazi ya kuchanja mbwa wa kisiwa kizima kila mwaka. Mwanzo kazi haikuwa kamili, ikatengenezwa, na kadiri ilivyotengenea, mbwa wagonjwa walipungua, na watu walioumwa wakapungua. Kufika Mei 2014 minyororo yote mitano ilikuwa imekatika.

Kisha kuchanja kukalegea. Ugonjwa hauonekani, watu wakastarehe. Mwishoni mwa mwaka 2016 kichaa kikaingia tena, mara mbili, kutoka nje ya kisiwa. Fikirini jambo hilo. Kati yetu na bara pana bahari ya kilomita 50 hivi, na mkondo wenye kina kirefu. Mbwa hawezi kuiogelea. Basi ugonjwa hauvuki ila chomboni, pamoja na mbwa anayeletwa na mtu, naye mbwa yule huweza kuonekana mzima, kumbe ugonjwa umejificha ndani yake. Mbwa wa kisiwani wakauchukua kwa kuwa wengi hawakuwa na kinga. Ikabidi kuanza upya kuchanja kisiwa kizima, na mwezi wa Oktoba 2018 ugonjwa ukaondoshwa mara ya pili. Wahenga walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa ufa ulikuwa mdogo sana, ni sindano moja kwa mbwa kila mwaka.

Mtu atauliza, "Kwa nini kila mwaka?" Wanafunzi, fanyeni hesabu pamoja nami. Tuseme kijiji kina mbwa 10, na Bwana Mifugo amechanja 7. Mbwa mgonjwa akiingia, wengi atakaowauma wana kinga, na ugonjwa hukosa pa kushika. Ndiyo sababu wataalamu wa afya ulimwenguni hutaka mbwa 70 katika kila 100 wachanjwe. Lakini maisha ya mbwa wa kijijini ni mafupi. Ukipita mwaka, labda 2 katika wale 7 wamekufa, na jike mmoja amezaa watoto 4 ambao hawajachanjwa. Sasa mbwa ni 12, na wenye kinga ni 5 tu. Kijiji kinajiona kimechanjwa, kumbe mlango u wazi.

Wako pia wasemao, "Basi mbwa wote wauawe, mambo yaishe." Shauri hili limejaribiwa katika nchi nyingi, wala halikuuondoa ugonjwa. Ukiua mbwa, waua pamoja nao wale waliokwisha chanjwa. Mkulima ambaye shamba lake laliwa na tumbili hatakaa bila mlinzi. Atatafuta mbwa mwingine, pengine wa kuletwa kwa mashua, asiyejulikana habari zake. Na watu wakisikia kwamba mbwa wanauawa, huwaficha. Siku ya kuchanja ikifika hawamleti hata mmoja.

Basi afanye nini mwenye mbwa au paka? Kwanza, ampeleke kuchanjwa kila mwaka, hata akiwa mtoto. Mbwa asiyezoea kushikwa huleta taabu siku hiyo, kwa hiyo mwenyewe amzoeze mapema kufungwa kamba angali mdogo. Asiyetaka kumgusa kwa mkono atumie kamba na kipande cha nguo. Pili, ampe chakula, maji safi na kivuli, kwa sababu mbwa mwenye njaa huzurura majaani na kupigana na mbwa koko. Tatu, asitupe watoto wa mbwa wala wa paka njiani au ufukoni. Asiyetaka wazaliwe na amwulize Bwana Mifugo namna ya kuwahasi. Nne, asilete mbwa au paka kwa jahazi wala kwa boti kabla hajachanjwa na kupata ruhusa. Nahodha naye asimpakie mnyama wa namna hiyo, hata kama ni wa rafiki yake.

Ninyi watoto, msimrushie mbwa mawe, wala msimsumbue anapokula au anaponyonyesha. Mkimwona mbwa atokwaye na mate mengi, au mdomo wazi asioweza kuufunga, au ayumbaye, au mbwa mkali aliyegeuka mpole ghafula, msimkaribie. Mwambieni mtu mzima, naye ampashe habari sheha na Bwana Mifugo.

Na ikiwa mtu ameumwa, au amekwaruzwa, au mate ya mnyama yameingia katika kidonda, jeraha lioshwe papo hapo kwa maji mengi na sabuni, muda wa dakika 15. Dakika hizo ni nyingi kuliko mtu anavyodhani, basi asifanye haraka. Asitie jivu, wala pilipili, wala majani, wala udongo. Mambo ya tohara yana wakati wake, na wenye elimu watamweleza. Lakini jeraha lisingoje. Kisha aende hospitali siku ile ile, hata kama jeraha ni dogo, akachomwe sindano za kinga. Sindano hizi si moja. Huchomwa kwa siku zilizopangwa, na anayeziacha katikati amejiacha mwenyewe njiani. Sindano ya namna hiyo ilianza kujulikana Julai 1885, huko Ufaransa, Louis Pasteur alipomtibu mtoto wa miaka 9, jina lake Joseph Meister, aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa. Mtoto yule akaishi hata akawa mtu mzima. Aliokoka kwa sababu mama yake alimpeleka kwa mganga mapema, kabla ugonjwa haujafika ubongoni.

Sasa narudi kwako wewe uliyesema huna mbwa. Mtoto wako anatoka chuoni jioni, naye hupita njia ile ile apitayo mbwa wa jirani. Mbwa akimwuma, hatauliza kwanza kama baba yake ni mfugaji. Kwa hiyo siku ya kuchanja ikitangazwa, mkumbushe jirani yako. Akiwa mzee au hana kamba, msaidie. Ukisikia chombo kimeshusha mbwa asiyejulikana, toa habari. Wataalamu walikadiria ya kuwa kukizuia kichaa kisirudi Pemba huziepusha zaidi ya jamaa 30 kila mwaka na msiba wa kuumwa na mbwa mwenye kichaa. Hakuna ajuaye jamaa hizo ni zipi. Huenda moja ni ya kwako.